Mwaka Niliomnusia Renzo

Pina alinipigia simu siku chache baada ya kumzika mume wake. Nilikuwa jikoni kwangu, naparua magamba ya samaki. Aliposema "Faida?", akiivuta ile herufi ya mwisho kama alivyozoea, nilifunga bomba la maji na kusimama wima kama msichana anayesubiri kukaripiwa. Nina miaka hamsini na moja, na watoto wangu wawili wote ni wakubwa kuliko nilivyokuwa mimi nilipomfanyia kazi. "Renzo amekufa," alisema. "Usingizini, kule kwetu. Mimi niko Brussels kwa mpwa wangu mpaka Jumanne. Jumapili asubuhi uje uwanja wa Flagey, kwenye mkahawa ulio upande wa soko." Hakuuliza kama nina nafasi, wala hakuuliza habari zangu. Nilijibu nitakuja, ingawa Jumapili asubuhi kila mtu anajua niko kanisani. Nilipokata simu nilimalizia samaki wangu polepole, nikijiuliza mwanamke huyu wa miaka themanini anataka kuniuliza nini ambacho hakuniuliza siku ile alipokuwa na kisu mkononi.

Sitasimulia hapa jinsi nilivyotoka Bukavu wala jinsi nilivyofika Ubelgiji. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nililala kwenye kitanda cha kukunja sebuleni kwa maman Béatrice, binamu ya mama yangu, kwenye mtaa wa Schaerbeek hapa Brussels, na niliosha vyombo katika mkahawa wa Waitaliano wawili, mtu na mke wake, kwenye kona ambapo tramu hupunguza mwendo. Ulikuwa na meza kumi na moja. Jiko lilikuwa nyuma, na kati ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani. Sinki langu lilikuwa chini ya dirisha hilo, kwa hiyo mwaka mzima niliwasikia wateja kuliko nilivyowaona. Pina alipika vyakula vya mkoa wao wa Marche, ambao uko kwenye bahari ya Adriatiki: zeituni zilizotolewa kokwa, zikajazwa nyama na kukaangwa, sungura aliyejazwa majani ya shamari na vitunguu saumu, na siku ya Ijumaa, mchuzi wa samaki wa kila aina katika chungu kimoja, walioupa jina la brodetto. Kabla sijagusa sahani hata moja alinikalisha kwenye kigoda karibu na friji, akaniwekea bakuli na kusema, "Kula. Mtu mwenye njaa anavunja vyombo."

Renzo alikuwa mtu wa divai. Hakuwa na orodha ya divai ya kuwapa wateja. Alikwenda mezani, akasikiliza wameagiza nini, kisha akarudi na chupa, akaifungua, akatia pua ndani ya glasi na kufumba macho. Kupitia dirisha langu niliwasikia wakinyamaza kumsubiri. Mara nyingi ilikuwa ni divai nyeupe ya kwao, Verdicchio, yenye rangi ya njano inayoelekea kijani, na alijua chupa ipi ya mwaka mchanga iende na zeituni na ipi iliyokaa miaka iende na sungura. "Usichague wewe," nilimsikia mwanasheria mmoja akimkanya mgeni wake. "Mwache Renzo anuse." Mimi nilidhani ni mchezo wa kuigiza. Katika kanisa letu divai ilikuwa ni neno la Biblia tu, na hata kwenye meza ya Bwana tulipewa sharubati ya zabibu.

Asubuhi moja ya Februari niliingia kwa mlango wa uani nikapigwa na harufu ya gesi hata kabla sijavua koti. Renzo alikuwa amesimama mbele ya jiko, amenipa mgongo, ameshika kiberiti. Alikuwa amekwisha kutoa njiti. Nilipiga kelele, "Monsieur Renzo, usiwashe!", nikamrukia na kumkamata mkono, mimi ambaye sikuwahi kumgusa hata kwa kumpa chumvi. Kitasa kimoja cha jiko kilikuwa wazi. Labda mimi mwenyewe nilikisukuma usiku uliotangulia nikipangusa. Nilikifunga, nikafungua mlango na madirisha yote, na baridi ikaingia. Yeye hakusogea. Alinitazama mimi, akalitazama jiko, akanitazama tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa inanuka sana?" Nilidhani ananitania. Mtu angeweza kuisikia ile gesi kutoka barabarani.

Alinishusha kwenye stoo ya divai chini ya sakafu ya ukumbi, akakaa juu ya kreti na kunieleza. Mwezi wa Novemba aliteleza kwenye ngazi ile ile tuliyoshukia, akajigonga kisogo. Kichwa kilimuuma kwa siku mbili, kisha kikaacha. Siku ya tatu alikunywa kahawa na haikuwa kahawa, ilikuwa maji ya moto machungu. Daktari alimwambia kunusa kwake kunaweza kurudi au kusirudi. "Ulimi unajua chumvi, sukari, uchachu na uchungu," alisema. "Hivyo tu. Vingine vyote vilikuwa huku," akajigusa pua, "na huku hamna mtu." Tangu Novemba alikuwa akifumba macho mbele ya wateja na kukumbuka. Nilimuuliza kama Madame Pina anajua. "Pina amenipikia miaka thelathini na moja," alisema. Halafu akaniomba mambo mawili: nisimwambie mtu, na kila asubuhi, kabla Pina hajashuka kutoka nyumbani kwao ghorofa ya juu, nimsaidie kunusa. Si kunywa, kunusa tu. Nilikubali. Nilikuwa nimemwona mtu mzima akiniomba, na nilikuwa na umri ambao kukataa kunaonekana ni ukatili.

Tukaanza. Saa mbili na nusu, taa moja, glasi moja. Alifungua chupa, mimi nikanusa na kusema. Mwanzoni nilisema "inanuka divai," naye akavunjika moyo. Akanikataza neno hilo. "Sema unachokijua kwenu," alisema. Basi nikasema ndimu iliyokwaruzwa ganda. Nikasema majani ya chai mabichi, kule njia ya kupanda kutoka ziwani, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Nikasema lozi, na hapo akapiga goti lake kwa furaha, kwa sababu ule uchungu wa lozi mwishoni ndio alama ya Verdicchio, na ulimi wake ulikuwa ukiusikia peke yake bila mwenzake, pua. Chupa moja nilisema inanuka boksi la karatasi lililonyeshewa, akaimwaga yote. Kizibo kilikuwa kimeiharibu, na kama si mimi angeipeleka mezani kwa mwanasheria. Alinifundisha pia vyakula: kwamba divai hii ina uchachu wa kukata mafuta ya zeituni za kukaanga, kwamba inakaa vizuri na samaki kwa sababu mwishoni inaacha kitu kama chumvi, kwamba kwa sungura unatafuta chupa iliyozeeka kidogo, yenye kunukia shamari yenyewe. Nilimwambia kwetu tunakula sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanakaangwa wakavu wanaliwa na kichwa. Akasema, "Hao! Hao hasa!" kana kwamba amewala. Nilijua ninafanya jambo la siri, na bado sijawahi kuwa na shule iliyonifurahisha kama ile stoo.

Shida ilianza kwa sababu yangu. Jumamosi moja ya Mei, Pina akiwa amepanda kupumzika baada ya wateja wa mchana, Renzo alikuwa amefungua chupa ya zamani, na juu jikoni kwenye sinia palikuwa na kipande cha sungura kilichobaki, na nilitaka kujua. Si yeye aliyenishawishi. Nilikula kipande, nikanywa glasi nzima, nikaelewa kila alichokuwa akinieleza kwa miezi mitatu. Saa tisa alasiri nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Maman Béatrice aliimba sauti ya pili, bega kwa bega na mimi. Katikati ya wimbo aliacha kuimba. Alinivuta hadi ukumbini kwenye makoti.

"Faida, pumua."

"Maman?"

"Minasema pumua! Fungua kinywa." Aliinamisha uso wake, akaunyanyua. "Mungu wangu. Ni vin. Mu choeur ya Bwana unakuya na vin mu kinywa?"

"Ni divai kidogo tu, maman. Ni ya kazi."

"Kazi gani? Weye unasafishaka masahani. Masahani inakunywaka vin?" Alitazama mlango, akashusha sauti. "Ule muzungu njo anakupatia. Na bibi yake iko wapi? Bon. Niambie kweli, hapa mbele ya Mungu. Ule mwanaume anakutaka?"

"Hapana, maman."

"Alors ni nini?"

Nilikuwa nimetoa ahadi, na ahadi ile, ambayo kule chini ilionekana ni kitu cha heshima, hapa kati ya makoti ilionekana uongo mtupu. Aliniondoa kwenye kwaya siku hiyo hiyo bila kumweleza mchungaji sababu, na huo ulikuwa ni upendo wake, ingawa nilichelewa kuutambua. Nyumbani aliacha kuniambia "lala salama." Sebule ile ilikuwa ndogo, ukimya wa mtu mmoja uliijaza yote.

Na huko kazini Pina naye alikuwa ameanza kunitazama. Kwanza niliona bakuli langu limehamishwa kutoka karibu na friji likawekwa kando ya sinki, nile nikiwa nimesimama. Kisha akaacha kuniambia kula. Alianza kushuka mapema zaidi. Asubuhi moja tulipanda kutoka stooni, mimi mbele na Renzo nyuma, tukamkuta ameketi kwenye meza ya kwanza ya ukumbi, mikono juu ya kitambaa cheupe, hana kahawa wala gazeti. Renzo alisema, "Tunahesabu chupa." Pina akasema, "Vizuri." Aliinuka akaenda jikoni. Kupitia dirisha langu nilimsikia Renzo akiwachekesha wateja kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na nyuma yangu kisu cha Pina kikigonga ubao, bila haraka, bila kukosea. Nilivunja glasi mbili. Hakugeuka.

Aliniuliza siku ya Alhamisi, mwisho wa Juni. Renzo alikuwa ametoka kwenda sokoni. Pina alikuwa anasafisha ngisi, mikono imejaa wino hadi kwenye vifundo, na hakuacha kukata.

"Unafanya nini na mume wangu huko chini?"

"Naosha chupa, Madame."

"Chupa zenye divai ndani? Unaziosha kutoka nje?" Alikata. "Nakuuliza mara moja tu. Unalala naye?"

"Hapana! Naapa, hapana."

"Basi mnafanya nini?"

Nilisikia swali la maman Béatrice katika lugha nyingine. Nilifungua kinywa. Kitu pekee ambacho kingeniokoa kilikuwa ni cha mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amenitazama akiwa juu ya kreti na kuniambia miaka thelathini na moja. "Siwezi kusema, Madame," nilijibu. Hapo ndipo aliacha kukata. Aligeuka, kisu mkononi, kikitiririka wino, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Alionekana kama mtu aliyejibiwa. "Kesho usije," alisema.

Maman Béatrice alifurahi. Aliniambia tena lala salama, akapika sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akaniambia kwenye shule ya jirani wanatafuta mtu wa usafi, na kwamba nikitubu mbele ya kwaya nitarudishwa. Kila kitu kingeweza kuishia hapo. Lakini nilipokuwa nakunja kitanda changu siku ya tatu nilisikia gesi. Haikuwepo, maman alikuwa amechemsha maziwa tu. Ilikuwa ni kumbukumbu ya pua yangu. Renzo ndiye aliyewasha jiko kila siku kabla ya saa tatu, peke yake. Tangu Februari mimi ndiye niliyefika kwanza, nikanusa, ndipo akawasha. Hatukuwahi hata kuliongelea, lilijipanga lenyewe. Sasa nani ananusa? Siku hiyo nzima nilijiambia ni mtu mzima, atakagua vitasa. Usiku sikulala. Nilijua kutunza siri yake ni kumwacha na kiberiti mkononi.

Siku ya nne nilipanda tramu ya mapema. Nilisimama upande wa pili wa barabara, saa mbili na robo, nikautazama mlango wa mkahawa. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya Kifaransa, yakanipotea yote. Taa ya jikoni ikawaka. Nilivuka bila kutazama, tramu ikanipigia kengele, nikazunguka hadi uani na kuugonga mlango kwa viganja vyote viwili. Aliyenifungulia ni Pina, amevaa nguo ya kulalia na sweta ya mumewe. Sikutegemea kumkuta chini saa ile. Nilisema kila kitu palepale kizingitini: kwamba Renzo hanusi, tangu Novemba, kwamba ndicho tulichokuwa tunafanya huko chini, kwamba mwezi wa Februari alikuwa karibu kuwasha jiko lililojaa gesi, kwamba mimi sitaki kazi, nataka tu wasife. Nilikuwa nalia. Niliponyamaza nilimwona Renzo nyuma yake kwenye mlango wa stoo, chupa mkononi. Alikuwa amesikia. Nimeona nyuso za watu waliopoteza mengi kuliko yeye, lakini ule ndio ninaoukumbuka. Aliiweka chupa sakafuni kwa uangalifu, akashuka ngazi, na hakupanda hadi wateja wa mchana walipoanza kumuulizia.

Pina alinipa aproni. "Vyombo vya jana viko palepale," alisema. Nilirudi kazini, na bakuli langu likarudi karibu na friji. Maman Béatrice nilimweleza ukweli wote, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Donc ni pua tu?", akacheka hadi akakaa chini, na mwezi uliofuata nilikuwa kwenye kwaya. Renzo hakunifukuza wala hakunisema. Aliniambia bonjour na bonsoir. Hakuniita tena stooni. Wateja walipewa karatasi yenye majina ya divai, na Renzo akawa anasimama mezani na kalamu kama mhudumu mwingine yeyote. Masika yaliyofuata waliuza mkahawa wakarudi kwao. Siku ya kuondoka alinipa mkono, na macho yake yalikuwa juu ya bega langu. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijiambia niliokoa maisha ya mtu na akanichukia kwa hilo, na kwamba bei hiyo ni ya haki. Nilijiambia hivyo hata Jumapili ile nilipokuwa naelekea Flagey.

Pina alikuwa amezeeka kwa kupungua, kama kipande cha sabuni. Tulikaa ndani, dirishani. Nje watu walikuwa wanachagua jibini na maua. Aliagiza bila kuniuliza glasi mbili za Verdicchio, saa tano asubuhi, na samaki wadogo wa kukaanga. Alikunywa kidogo, akasema si mbaya. Kisha akasema, "Nilijua kuhusu pua."

Nilidhani anazungumzia siku ile uani.

"Nilijua kabla ya Krismasi," alisema. "Niliunguza vitunguu na yeye alikuwa amesimama karibu yangu, akaniambia vinanukia vizuri. Mwanamke hajui mtu wake? Kila asubuhi nilikuwa nashuka saa kumi na mbili kukagua gesi, kisha napanda tena kitandani nijifanye nimelala. Siku ile ya Februari nilikuwa na homa. Siku moja hiyo tu." Aligeuza glasi yake mezani. "Nilikuwa namngoja aniambie. Miezi yote ile. Niliposikia anashuka stooni na wewe sikudhani mnalala, hilo nilikuuliza kwa matumaini. Lingekuwa rahisi zaidi. Uliposema huwezi kusema, nikajua amekwambia wewe."

Nilimwomba msamaha, na akaufukuza kwa mkono kama nzi. Alisema hawakulizungumza tena, hata huko Italia. Yeye alipika, Renzo alikula na kusifu, na wote wawili walijua. Kisha akaegemea mbele. Nikajua swali ndilo hili, na kwamba ndilo lililomleta.

"Huko chini," alisema, "alikuwa anasema nini juu ya chakula changu?"

Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nililiona ni lao. Kila asubuhi, kabla hatujafungua chupa, Renzo alinituma jikoni nikafunue vyungu vya jana yake, nikarudi kumsimulia. Haikuwa kwa ajili ya divai. Alikuwa anajiegemeza ukutani na kusema, "Pina amepika nini? Usiruke kitu." Asubuhi iliyofuata siku ya brodetto alitaka niseme mara mbili.

"Ulimwambia nini?" Pina alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Brodetto. Ulimwambia inanukaje?"

Nilifumba macho. "Nyanya. Bahari. Pilipili kidogo. Mafuta mazuri. Na limau, Madame. Limau nyingi."

Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama kwa mshangao.

"Hakuna limau kwenye brodetto," alisema. "Ni siki. Sijawahi kutia limau maisha yangu yote. Na yeye hakukusahihisha?"

"Hapana. Kila Jumamosi nilisema limau, na kila Jumamosi alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo yenyewe."

Pina alifunika mdomo kwa kitambaa cha mkononi, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda mrefu sikuweza kujua kama anacheka au analia.